Urembo wa Kijapani, Kutoka Meno Meusi Hadi Kawaii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila watu wanapozungumza kuhusu Japani na uzuri: meno meusi, nyuso nyeupe, bakuli lililovunjika likaungwa kwa dhahabu, wasichana wa mtaa wa Shibuya, Tokyo. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yenye utata. Nina ombi moja: katika kila zama utakayofika, jiulize nani alikuwa akitazama, na kwa mwanga gani. Ukishika hayo mawili, mengi yanayoonekana ya ajabu yataanza kueleweka. Majina ya watu nimeyaandika kwa utaratibu wa Kijapani, jina la ukoo mbele.

## Kwa anayeanza

1. Je, kuna "urembo wa Kijapani" mmoja usiobadilika?

Hakuna. Hata neno lenyewe limehama. Leo Mjapani akisema *utsukushii* anamaanisha kitu kizuri, kirembo. Miaka elfu iliyopita neno hilo lilibeba upendo wa mtu kwa kitu kidogo ambacho moyo unataka kukilinda. Sei Shonagon, bibi wa jumba la kifalme aliyeishi kati ya karne ya 10 na ya 11, aliandika orodha ya vitu alivyoviona *utsukushii*: uso wa mtoto uliochorwa kwenye tikiti, kinda la shomoro linalokuja likirukaruka mtu akililialia kama panya, vikorokoro vya kuchezea wanasesere. Neno lilikuwa la huruma kabla halijawa la sifa, na hilo litatufaa tukifika kwenye kawaii (swali la 16).

Mambo mawili yamedumu kuliko mengine: kupenda ngozi nyeupe na kuthamini nywele. Yaliyobaki, kuanzia nyusi hadi meno, yamepinduliwa chini juu, mengine zaidi ya mara moja.

2. Wajapani walianza kupenda ngozi nyeupe kwa kuwaiga Wazungu?

Hapana, na tarehe zinatosha kulimaliza swali hili. Wareno wa kwanza walifika Japani mwaka 1543. Kumbukumbu za kale za taifa hilo zinaeleza kwamba mwaka 692 mtawa mmoja wa Kibudha aitwaye Kanjo alimtengenezea mtawala mwanamke, Jito, poda nyeupe ya madini ya risasi, akazawadiwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo poda nyeupe ilitangulia meli za Wareno kwa zaidi ya miaka 800. Mtindo wenyewe ulitoka China, pamoja na maandishi, hariri na dini.

Weupe ulikuwa alama ya tabaka: mtu ambaye jua halimpati kwa sababu halimi wala havui. Ulikuwa pia suala la mwanga. Majumba ya wakubwa yalikuwa na paa zilizoshuka chini, mapazia na viwambo, ndani giza hata mchana. Kwenye chumba cha namna hiyo, kwa taa ya mafuta, uso uliopakwa nyeupe ndio unaoonekana. Ukiutoa uso huohuo kwenye mwanga wa balbu ya umeme utakutisha, na si kosa lake.

Methali yao husema *iro no shiroi wa shichinan kakusu*, yaani weupe wa ngozi huficha kasoro saba. Lakini tusivuke mpaka tukasema Ulaya na Marekani hazikugusa kitu. Ziligusa mengi, hasa macho, pua na meno (maswali ya 10 na 13).

3. Kujipamba kulikuwa kwa wanawake tu?

La. Wanaume wa jumba la kifalme nao walijipaka poda, wakanyonyoa nyusi na kutia meno rangi nyeusi. Wakuu wa ukoo wa kivita wa Taira waliiga desturi hiyo ya jumbani, na mmoja wao ikamponza. Katika vita vya Ichinotani mwaka 1184, kama masimulizi ya vita hivyo yanavyoeleza, Taira no Tadanori alijaribu kujipitisha kama mtu wa upande wa adui. Alipogeuza uso, adui akaona meno meusi. Upande wa adui huyo hakukuwa na mtu mwenye meno ya namna hiyo. Tadanori akauawa.

Leo vijana wa kiume kwenda saluni kutengeneza nyusi, au kununua losheni na poda zao wenyewe, huandikwa kama jambo jipya. Jipya ni matangazo yake tu.

## Zama za kale

4. Mrembo wa enzi ya Heian alikuwaje?

Heian ni miaka 794 hadi 1185, mji mkuu ukiwa Kyoto ya leo. Kwanza nywele: nyeusi, nyoofu, ndefu kumzidi mwenyewe kimo, zikiburuzika sakafuni nyuma yake. Nyusi zilinyonyolewa zote, kisha juu kabisa kwenye paji la uso yakachorwa mawingu mawili ya masizi. Wachoraji wa wakati huo walikuwa na kanuni ya uso wa mtu wa heshima: mstari kwa jicho, ndoano kwa pua. Basi. Nyuso kwenye picha zao zinafanana kama punje za mchele.

Zinafanana kwa sababu uso haukuwa jambo kuu. Mwanamke wa daraja la juu alikaa nyuma ya pazia, na mwanamume aliyemtamani huenda asimwone uso kwa miezi. Alichokiona ni ncha za mikono ya nguo zake zilizoachwa zichungulie chini ya chiki ya mianzi, tabaka juu ya tabaka za hariri. Kulikuwa na mpangilio wa rangi kwa kila majira, na mwanamke aliyevaa rangi za maua ya wiki iliyopita alihesabiwa kapitwa. Zaidi ya hapo ni mwandiko wake, shairi alilojibu, na harufu. Nguo zilitandazwa juu ya kitezo chenye kizimba cha mianzi, zikafukizwa. Watu wa Unguja, Lamu na Mombasa hawahitaji maelezo hapa, maana mti mkuu uliofukizwa kule, *jinko*, ndio udi wenyewe.

Murasaki Shikibu, katika hadithi yake ndefu ya mwanamfalme Genji ya mwanzoni mwa karne ya 11, ana kisa kinachoeleza haya yote. Genji anavutwa na binti wa kifalme aliyeachwa peke yake kwenye nyumba inayobomoka. Anamsikia akipiga zeze, anamwingilia gizani. Asubuhi moja ya theluji ndipo anapomwona: pua ndefu, inayoning'inia, nyekundu nchani. Nywele zake, hata hivyo, zilikuwa nzuri mno. Genji hamwachi. Anamtunza miaka yote.

5. Ni kweli walipaka meno rangi nyeusi? Kwa nini?

Ni kweli, na kwa zaidi ya miaka elfu moja. Desturi inaitwa *ohaguro*.

Ilitengenezwa hivi. Vipande vya chuma chakavu, misumari au sindano zilizovunjika, vililowekwa kwenye siki, chai au pombe ya mchele ndani ya chungu, vikaachwa muda mrefu mpaka maji yakawa ya kahawia na kutoa harufu kali. Pembeni kulikuwa na unga wa vivimbe vinavyoota kwenye majani ya mti fulani wadudu wakiyauma, unga uliojaa tanini. Mwanamke alichovya brashi kwenye maji ya chuma, kisha kwenye unga, akapaka, akarudia. Chuma na tanini vikikutana hutoa weusi usioyeyuka kwa maji, kwa kanuni ileile ya wino wa zamani. Ladha ilikuwa chungu, na rangi ilitaka kurudiwa kila baada ya siku chache. Iliyokolea vizuri iling'aa kama chombo kilichopakwa laka nyeusi (vanishi ya utomvu wa mti). Tena iliyalinda meno yasioze.

Kwa nini meusi? Katika jamii iliyoupenda weusi wa nywele na wa laka, meno meupe yalionekana makavu, ya kinyama, kama mtu anayekenua. Na kando ya uso uliopakwa nyeupe pepepe, meno ya asili huonekana ya njano. Katika enzi ya Edo (1603–1868) meno meusi yakawa hasa alama ya mke wa mtu, na nyusi zilinyolewa mwanamke akishazaa. Mtu aliweza kukutana na mwanamke barabarani akajua habari zake kwa kumtazama mara moja.

6. Hakuna aliyekataa?

Yupo, japo kwenye hadithi. Katika mkusanyiko mmoja wa visa vifupi vya zama hizo kuna binti wa mkubwa anayefuga viwavi. Hanyonyoi nyusi, hapaki meno, nywele anazisukuma nyuma ya masikio aone vizuri wadudu wake. Anasema watu wanapenda maua na vipepeo tu, kumbe kinachofaa ni kuchunguza mambo yanaanzaje. Watumishi wake wanalalamika kwamba nyusi zake zinafanana na viwavi vyenyewe, na wanaona haya kwa weupe wa meno yake akicheka.

Nampenda sana binti huyu. Leo tungemwona mrembo wa kawaida kabisa, na wale waliomcheka ndio wangetushangaza.

## Uzuri wa vitu

7. Wabi-sabi ni nini hasa? Ni mtindo wa kupamba nyumba?

Siku hizi neno hili limebandikwa kwenye vyungu na rangi za ukuta, ndiyo maana swali linaulizwa sana. Asili yake ni nzito zaidi. *Wabi* lilikuwa neno la unyonge na upweke. *Sabi* la uchakavu unaoletwa na miaka. Yalikuwa maneno ya huzuni kwanza, yakageuzwa kuwa sifa na watu wa chai, yaani mabingwa wa sherehe ya kukaribisha wageni chai.

Katika karne ya 15 wakubwa walikusanya vyombo vya China visivyo na dosari na kuvionyesha wageni walipokaribishwa chai. Murata Juko (1423–1502) akaanza kuchanganya humo vyombo vya kienyeji, vyenye udongo mbichi na umbo lisilo sawa. Sen no Rikyu (1522–1591), kutoka familia ya wafanyabiashara wa Sakai, akalifikisha jambo mwisho wake. Chumba cha chai kinachohusishwa naye, Tai-an, kina ukubwa wa mikeka miwili tu ya tatami. Mlango wa vyumba vya namna hiyo ni tundu la sentimita 66 hivi, hivyo hata jenerali aliingia kwa kuinama na kutambaa, upanga akauacha nje. Bakuli za udongo ziitwazo Raku alizozipenda zilifinyangwa kwa mikono bila gurudumu, nyeusi au nyekundu, na ukiishika moja unahisi vidole vya aliyeifinyanga.

Sasa weka hilo kando ya hili: bwana aliyemtumikia, Toyotomi Hideyoshi, alikuwa na chumba cha chai cha kubomoleka na kubebeka, chote kimefunikwa dhahabu. Wote wawili walikuwa Wajapani, wa zama moja, wa chai ileile. Inasimuliwa kwamba Hideyoshi alisikia bustani ya Rikyu imejaa maua mazuri ya asubuhi, akaenda kuyaona, akakuta yote yamekatwa. Ndani, kwenye kona, lilibaki ua moja tu ndani ya chombo. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue. Kwa hiyo mtu akikuambia "Wajapani hupenda usahili," muulize ni Wajapani gani.

8. Na kintsugi?

Ni kuunga chombo kilichovunjika kwa utomvu wa mti wa urushi, kisha kunyunyiza unga wa dhahabu juu ya ufa. Utomvu huo huwasha ngozi vibaya ukiwa mbichi, na hukauka kwa unyevu, kwa hiyo chombo hukaa kwenye sanduku lenye unyevu kwa siku au wiki kati ya hatua moja na nyingine. Hakuna kazi ya haraka hapo.

Chombo kilichoungwa hupendwa hata bila dhahabu. Kuna bakuli maarufu la rangi ya kijani kibichi liitwalo Bakohan, sasa lipo Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Lilipopasuka, inasemekana mtawala Ashikaga Yoshimasa alilirudisha China apatiwe jingine kama hilo. Wakajibu halipatikani tena, wakaliunga kwa pini za chuma. Watu wa chai wakaona pini zile zinafanana na nzige aliyetua, na bakuli likapendwa kuliko lilipokuwa zima.

9. Mono no aware, yugen, iki: zinatofautianaje?

Kwa ufupi. *Mono no aware* ni moyo kuguswa na kitu kwa sababu kinapita, kama maua ya mcheri yanayodondoka ndani ya wiki. Msomi Motoori Norinaga (1730–1801) ndiye aliyelifanya neno hili kuwa ufunguo wa fasihi ya Heian. *Yugen* ni uzuri wa kina usioonekana wote, na Zeami, bingwa wa maigizo ya Noh aliyezaliwa karne ya 14, aliufanya lengo la mwigizaji. *Iki* ni neno la mjini Edo (Tokyo ya leo), la wafanyabiashara na mafundi: kupendeza bila kuonyesha jitihada. Serikali ilipowakataza watu wa kawaida rangi kali na hariri za fahari, walianza kuvaa kahawia na kijivu za kila namna, halafu wakaficha bitana ya hariri iliyochorwa ndani ya koti. Aliyejua alijua.

## Mjini Edo, na Ulaya kubisha hodi

10. Meno meusi yaliisha vipi?

Kwa amri, kisha kwa mfano. Utawala mpya wa Meiji ulioanza 1868 ulitaka nchi za Ulaya na Marekani ziione Japani kuwa sawa nazo, na wageni wa kutoka huko waliandika kwa kuchukizwa juu ya midomo ya wanawake wa Kijapani. Mwaka 1870 watu wa tabaka la juu walikatazwa kutia meno rangi na kunyoa nyusi. Wanawake wa kawaida hawakubabaika. Mwaka 1873 mke wa Kaizari akaacha yeye mwenyewe, akaonekana na meno meupe, na hapo mjini watu wakaanza kufuata. Vijijini bibi wazee waliendelea mpaka karne ya 20.

Nywele zina mkasa wake. Mwaka 1871 wanaume waliruhusiwa kukata kishungi chao cha kale. Baadhi ya wanawake wakaona nao wapunguze, na mwaka uliofuata Tokyo ikapiga marufuku mwanamke kukata nywele fupi. Usasa ulikuwa na jinsia.

11. Kabla ya hapo, nani aliamua mrembo ni nani?

Katika Edo ni soko, na hili kwangu ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Picha zilizochapwa kwa mbao ziliuzwa kwa bei ambayo fundi wa kawaida aliimudu, na ndani yake hawakuwamo mabinti wa kifalme. Walikuwamo makahaba wa daraja la juu wa Yoshiwara, mtaa wa makahaba wa Edo, na pia wasichana wa kawaida kama Naniwaya Okita, mhudumu wa kibanda cha chai, ambaye Kitagawa Utamaro alimchora mara nyingi miaka ya 1790. Watu walikwenda kunywa chai ili wamwone.

Serikali haikupenda. Mwaka 1793 ilikataza kuandika jina la mwanamke kwenye picha isipokuwa kahaba. Utamaro akageukia fumbo: juu kwenye kona alichora mafungu mawili ya mboga, mshale, bahari na shamba la mpunga. Ukiyasoma kwa sauti, *na-ni-wa, ya, oki, ta*, jina la Okita linatoka. Mwaka 1796 mafumbo nayo yakapigwa marufuku, na mwaka 1800 zikafuata picha za sura kubwa za wanawake. Uso mzuri wa msichana wa chai ulikuwa suala la dola.

12. Walitumia vipodozi gani? Vilikuwa salama?

Vingi vilikuwa vya jikoni: kimfuko cha pumba za mchele cha kuoshea uso, maji ya dodoki ya kulainisha ngozi, hata kinyesi cha ndege mmoja mdogo mwimbaji, kilichokaushwa na kusagwa. Kitabu cha urembo kilichotoka 1813 kilieleza jinsi ya kupaka poda kulingana na umbo la uso, na kiliendelea kuchapwa kwa takriban miaka mia.

Nyekundu ilitoka kwenye ua la benibana, lililolimwa hasa Mogami, kaskazini. Ua hilo limejaa rangi ya njano. Nyekundu ni kama asilimia moja tu, ndiyo maana bei yake ililinganishwa na dhahabu. Ilipakwa ndani ya kikombe kidogo cha kaure, na ikikauka hung'aa kijani kama mgongo wa mende wa porini. Ikiguswa na brashi yenye maji hugeuka nyekundu. Wenye fedha walipaka nyingi mpaka mdomo wa chini ukang'aa kijani. Asiye nazo alipaka wino mweusi kwanza, kisha nyekundu kidogo juu yake, mng'ao ukaja uleule.

Salama, hapana. Poda nzuri zaidi ilikuwa ya risasi, nyingine ya zebaki. Walioumia zaidi ni waigizaji wa kabuki na wanawake wa Yoshiwara, waliojipaka kutwa kucha. Mwaka 1887 mwigizaji Nakamura Fukusuke alianza kutetemeka mguu mbele ya Kaizari katika onyesho, na sumu ya risasi ikaanza kuzungumzwa hadharani. Poda zisizo na risasi zilitoka mwanzoni mwa karne ya 20, lakini za risasi zilikomeshwa kutengenezwa miaka ya 1930. Muda mrefu mno.

## Kutoka kamera hadi vita

13. Macho makubwa yenye mkunjo wa kope yalianza kupendwa lini? Ni baada ya Wamarekani kuja 1945?

Watu wengi hudhani hivyo. Lakini daktari Mikamo alichapisha maelezo ya upasuaji wa kutengeneza mkunjo wa kope mwaka 1896, miaka karibu 50 kabla ya jeshi la Marekani kukaa Japani. Picha za kamera na nguo za Ulaya zilikuwa zimeshaanza kazi. Zaidi, mkunjo huo wenyewe si wa kigeni: Wajapani wengi huzaliwa nao. Baada ya vita filamu na magazeti ya Marekani yaliongeza kasi, na leo gundi na tepu za kope huuzwa dukani pamoja na wanja.

14. Mashindano ya urembo yalianzaje?

Kwa picha. Mwaka 1891 picha za geisha mia ziliwekwa ndani ya mnara wa Ryounkaku, Asakusa, watu wapige kura. Mwaka 1908 gazeti la Jiji Shinpo likaendesha shindano la nchi nzima ambalo geisha na waigizaji hawakuruhusiwa; walitakiwa mabinti wa nyumbani. Mshindi alikuwa Suehiro Hiroko, mwanafunzi wa miaka 16. Picha ilipelekwa na shemeji yake, yeye hana habari. Shule yake, ya watoto wa wakubwa, ilimwondoa: binti wa heshima haonyeshi uso wake kwa umma. Miaka elfu ya pazia la Heian ilikuwa bado haijaisha.

Kizazi kimoja baadaye, baada ya tetemeko la 1923, wasichana wa kisasa walioitwa *moga* walitembea Ginza, mtaa wa maduka wa Tokyo, na nywele za kukata na sketi fupi. Kisha vita. Mwaka 1939 nywele za kutiwa mawimbi kwa umeme zilipigwa vita na serikali, na mwaka 1940 kaulimbiu "anasa ni adui" ikabandikwa mitaani. Wanawake wakavishwa suruali za shambani.

## Baada ya vita hadi leo

15. Wasichana wa Shibuya waliojipaka weusi, je, walikuwa wanaigiza watu weusi?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na nalielewa. Kwanza historia. Kupenda ngozi iliyoungua jua hakukuanzia Shibuya: mwaka 1966 kampuni ya vipodozi ya Shiseido ilitoa bango la mwanamitindo Maeda Bibari ufukweni, kahawia, akitazama moja kwa moja, na mabango yakaibwa ukutani. Miaka ya 1970 mizani ikarudi upande mwingine na Yamaguchi Sayoko, mwenye nywele nyeusi nyoofu zilizokatwa sawa juu ya nyusi na macho membamba marefu, aliyepanda majukwaa ya Paris bila kubadili kitu. Miaka ya 1990 akaja mwimbaji Amuro Namie wa Okinawa, na wasichana waliomwiga wakaitwa *Amuraa*.

*Ganguro* na *yamanba* wa mwisho wa miaka hiyo waliusukuma mtindo hadi mwisho: ngozi ya kahawia iliyokoza, midomo na vivuli vya macho vyeupe, nywele za fedha. Baadhi yao walipenda muziki na mavazi ya Wamarekani weusi. Lakini ukiwatazama vizuri utaona wamepindua moja baada ya nyingine zile sifa zilizotajwa kwenye maswali ya 2 na 4: weupe ukawa weusi, weusi wa nywele ukawa weupe. Magazeti ya wanaume yaliwaita wachafu. Wao walijipamba wakitazamana wenyewe, msichana kwa msichana. Kwamba mtu mweusi akiona picha hizo anaweza kuumia ni kweli pia, na kweli moja haifuti nyingine.

16. Kawaii ni nini, na ni utoto tu?

Kawaii limetokana na neno la kale la uso kuona haya, likapita kwenye "wa kuhurumiwa", likafika "wa kupendeza kama kitu kidogo". Linafuata njia ya *utsukushii* ya Sei Shonagon. Miaka ya 1970 wasichana wa shule walianza kuandika kwa herufi za duara na kuweka mioyo na nyota katikati ya sentensi, walimu wakakasirika. Wengi wanaona kawaii inamdumaza mwanamke, na hoja yao ina uzito pale ofisini anapotakiwa awe mtamu badala ya kusikilizwa. Mtaani Harajuku, Tokyo, nako mtu wa miaka 40 huvaa marinda kwa raha yake, na hakuna aliyemwagiza.

17. Bihaku ni sawa na mkorogo?

*Bihaku*, yaani weupe mzuri, ni bidhaa za kuzuia madoa ya jua, na kisheria zinaruhusiwa kudai kuzuia tu, si kubadili rangi ya mtu. Hazitakiwi kuwa na zebaki kama zile krimu za magendo zinazokamatwa mipakani kwetu. Hata hivyo "halali" si "salama daima". Mwaka 2013 kampuni ya Kanebo ilirudisha kiwandani bidhaa zake zenye kemikali ya rododenoli baada ya watumiaji kutokwa na mabaka meupe. Waliopata madhara walizidi 19,000. Mwaka 2021 kampuni mama, Kao, ikasema haitatumia tena neno *bihaku* kwenye bidhaa mpya. Krimu zenyewe bado zipo dukani.

18. Kwa nini shule huwalazimisha wanafunzi kuwa na nywele nyeusi?

Kwa sababu nywele za kahawia zilikuja kuhesabiwa alama ya utundu. Tatizo ni kwamba si kila Mjapani huzaliwa na nywele nyeusi. Mwanafunzi mmoja wa Osaka aliyezaliwa na nywele za kahawia alishtaki kwa kulazimishwa kuzitia rangi mara kwa mara. Mwaka 2021 mahakama ilimpa fidia ya yeni 330,000, lakini kwa jinsi shule ilivyomtendea alipoacha kuhudhuria, maana kiti na jina lake viliondolewa. Kanuni yenyewe ikaonekana halali. Shule za sekondari za serikali ya jiji la Tokyo zilifuta kanuni za namna hiyo kuanzia Aprili 2022.

19. Je, chotara au mtu wa asili ya nje anaweza kuwa mrembo wa Japani?

Taji limeshavaliwa, ugomvi ndio haujaisha. Mwaka 1959 Kojima Akiko alikuwa Mwasia wa kwanza kushinda Miss Universe, na nchi nzima ilishangilia. Mwaka 2015 Miyamoto Ariana, mzaliwa wa Sasebo, baba yake Mmarekani mweusi, alichaguliwa kuiwakilisha Japani kwenye shindano hilohilo, na wengine wakasema hafanani na Mjapani. Mwaka uliofuata Yoshikawa Priyanka, ambaye baba yake ni Mhindi, alishinda Miss World Japan. Januari 2024 Shiino Karolina, aliyezaliwa Ukraine na kukulia Japani tangu utotoni, alishinda Miss Nippon, akalirudisha taji wiki chache baadaye kwa sababu za maisha yake binafsi.

Angalia tofauti ya malalamiko. Kwa Miyamoto wengi walisema ngozi yake si ya Kijapani. Kwa Shiino walisema hata damu hana. Lakini wote wawili walizungumza Kijapani kama lugha ya nyumbani, na wote wawili walisema waziwazi kwamba wanataka wahesabiwe Wajapani. Hapo ndipo swali la nani anatazama linapouma kuliko kwenye meno.

20. Nikifika Japani, niende wapi nione haya kwa macho?

Picha za hadithi ya Genji za karne ya 12 zimo Makumbusho ya Tokugawa, Nagoya, na Makumbusho ya Gotoh, Tokyo, lakini huonyeshwa kwa muda mfupi, kwa hiyo ulizia kabla. Tai-an ipo Oyamazaki, kati ya Kyoto na Osaka. Lazima uandike mapema, na unatazama bila kuingia. Meno meusi bado utayaona Kyoto kwa maiko (mwanafunzi wa ugeisha) aliye katika siku za mwisho kabla ya kuwa geiko, yaani geisha kamili, na kwenye jukwaa la kabuki.

Kama una nusu siku tu Tokyo, nenda Minami-Aoyama, kwenye makumbusho ndogo ya duka la Isehan-Honten, lililoanza 1825 na ambalo bado linatengeneza nyekundu ya benibana. Omba kuona kikombe kilichokauka. Kitakuwa kijani. Mtu atalowesha brashi kwa tone la maji, ataigusisha, na wekundu utajitokeza palepale mbele yako.